Namna ya Kupata Kazi na Nafasi Katika Vikundi vya Mazingira na Teknolojia Mwafaka

Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara na kukadiria kwamba asilimia 36 hivi zilikuwa hazifanyi kazi. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, sherehe zikafanyika, picha zikapigwa. Kisha mpira mdogo wa ndani ukachakaa, na hakukuwa na fundi wa kuubadilisha wala mahali pa kununua mwingine. Ndivyo inavyotokea pia kwa majiko banifu yanayogeuka sehemu ya kuwekea vyombo, mitambo ya biogesi iliyokauka, na miche ya miti iliyopandwa kwa maelfu bila mtu wa kuimwagilia.

Anayetafuta kazi katika vikundi hivi anapaswa kuanzia hapo. Watu wenye uchungu na mazingira ni wengi, na barua zao za maombi hufanana mno. Wachache ni wale wanaoweza kuonyesha kitu walichokijenga, kukipima au kukitunza, na ambacho mpaka leo kinafanya kazi. Mwongozo huu unakusaidia kuwa mmoja wao, uwe na shahada au huna.

Fahamu aina ya kikundi unachokiendea

Teknolojia mwafaka ni ile inayolingana na mahitaji, mkono na mfuko wa mtumiaji, na inayoweza kutengenezwa pale pale ilipo. Mchumi E. F. Schumacher na wenzake walianzisha shirika la kuieneza nchini Uingereza mwaka 1966. Leo linaitwa Practical Action. Tangu hapo yamezaliwa makundi ya kila namna, na kila namna huajiri kwa njia yake.

Mashirika makubwa ya uhifadhi, kama IUCN lililoanzishwa mwaka 1948 na WWF la mwaka 1961, yana idara, ngazi za mishahara na masharti ya elimu. Huko maombi hupitia mfumo wa mtandaoni, na asiyetimiza sharti la shahada huchujwa mapema. Mashirika ya teknolojia yenyewe ni madogo zaidi na huthamini mikono. Mfano ni CAWST la Calgary, Canada, lililoanzishwa mwaka 2001 kufundisha masuala ya maji na usafi kwa gharama nafuu. Zipo pia kampuni za kijamii, kama KickStart, zinazouza pampu za umwagiliaji kwa wakulima wadogo. Hizo zinahitaji wauzaji, wasambazaji na mafundi kuliko wanaikolojia. Chini kabisa vipo vikundi vya jamii vyenye watu watano au kumi, visivyo na ofisi wala tovuti. Wengi huanzia hapo, na mimi naona ndipo mahali bora pa kujifunzia, kwa sababu utashika kazi zote.

Jambo la pili la kuchunguza ni chanzo cha fedha. Kikundi kinachoishi kwa ruzuku huajiri mradi unapopitishwa, na ajira hufa na mradi. Kinachoishi kwa mauzo huajiri soko linapokua. Kinachoishi kwa hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyopunguzwa ambavyo huuzwa, kinahitaji watu wa kupima, kurekodi na kukaguliwa. Soma ripoti ya mwaka ya shirika kabla ya kuandika barua. Ukiona mradi mpya wa miaka mitatu umeanza, huo ndio wakati wa kubisha hodi. Ukiona miradi yote inaisha mwakani, mlango huo utafunguka kwa shida.

Chagua teknolojia moja

Mtu anayesema anapenda nishati, maji, taka, misitu na kilimo hai hajasema lolote. Chagua kitu kimoja: sola ndogo za majumbani, majiko banifu, vichujio vya maji, biogesi, vyoo vya mboji, vitalu vya miche, umeme wa vijito, au ukarabati wa vifaa. Chagua kilicho karibu nawe kiasi kwamba unaweza kukigusa kila wiki, na chenye watu wanaokitumia tayari. Mengine utayaongeza baadaye.

Kwa wingi wa ajira, umeme jua uko mbele. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 16.2 katika nishati jadidifu duniani mwaka 2023, na kati ya hizo milioni 7.2 zilikuwa za paneli za sola. Takwimu hizo zisikudanganye, maana karibu nusu ya ajira zote zilikuwa China, kwenye viwanda na mitambo mikubwa. Hata hivyo, fundi anayejua kupima betri na kukaza nyaya vizuri hakosi kazi mahali ambapo sola zimeenea.

Tengeneza ushahidi

Hapa ndipo unapopaswa kutumia muda wako mwingi, kuliko kwenye kupamba wasifu. Ushahidi ni faili dogo lenye hesabu, picha na vipimo vya kazi moja au mbili halisi.

Tuseme umechagua sola. Tafuta nyumba moja inayokubali uipangie mfumo. Ina balbu 4 za wati 5 zinazowaka saa 5 kila usiku, na simu 3 zinazochajiwa kila siku. Balbu zinakula wati-saa 100, yaani wati zikizidishwa kwa saa. Kila simu ipe wati-saa 10, jumla inakuwa 130. Mwezi wenye mawingu kuliko yote, eneo linapata sawa na saa 4 za jua kali kwa siku. Joto, vumbi, nyaya na betri vinapoteza asilimia 30 hivi. Gawanya 130 kwa 4, kisha kwa 0.7, unapata wati 46. Paneli ya wati 50 itatosha. Kwa betri ya risasi ya volti 12 inayopaswa kuhimili siku 2 bila jua, unahitaji wati-saa 260, na kwa kuwa betri ya aina hiyo haifai kushushwa chini ya nusu, ziwe 520. Gawanya kwa 12, unapata ampea-saa 43. Andika hesabu hiyo kwenye ukurasa mmoja, na ueleze kwa nini ulichagua kila tarakimu.

Kisha rudi baada ya miezi kadhaa ukiwa na multimita, kile kifaa kidogo cha kupimia umeme. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika saa chache husoma karibu volti 12.7; ikisoma karibu 12.1 imebaki nusu. Andika ulichokikuta: je, kuna mtu ameongeza televisheni? Je, paneli imefunikwa na vumbi au kivuli cha mti uliokua? Kurudi huku ndiko kutakakokutofautisha na waombaji wengine. Mafundi wengi hufunga mfumo, hulipwa na kuondoka.

Kwa majiko, kipimo ni mizani. Pima kuni au mkaa unaotumika katika nyumba zile zile kwa siku tatu au zaidi, kabla ya jiko jipya na baada yake, na uandike idadi ya watu wanaopikiwa kila siku. Usiishie kuuliza, "Je, jiko linaokoa kuni?" Kila mtu atakujibu ndiyo kwa heshima. Angalia pia kama jiko la zamani bado linawashwa, kwa sababu nyumba nyingi hutumia yote mawili. Ujuzi huu una soko. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi wa miradi ya kaboni ya majiko na kukuta kwamba ile waliyoichunguza ilikuwa imepewa hati takribani mara 9 ya upunguzaji halisi wa hewa ukaa. Tangu wakati huo wanunuzi wa hati wanadai vipimo vya kweli, na mtu mwaminifu mwenye mizani na daftari ana thamani.

Kwa vijito, ndoo na saa vinatosha kuanzia. Pima lita zinazopita kwa sekunde, pima mita za mteremko, zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 5. Jibu ni wati ambazo mtambo mdogo wa kawaida unaweza kutoa: lita 10 kwa sekunde zikishuka mita 20 zinakupa wati 1,000. Fanya hivyo mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache kabisa, la sivyo utaahidi umeme ambao hautakuwepo.

Kwa miti, hesabu iliyo hai baada ya mwaka mmoja, na uandike iliyokufa imekufa kwa nini. Ripoti nyingi zinataja iliyopandwa tu.

Katika kila kazi weka picha zenye tarehe, mahali, gharama ya vifaa, kilichoharibika na namna kilivyotengenezwa. Omba ruhusa ya watu kabla ya kuwapiga picha au kutaja nyumba zao. Usifiche kilichokataa kufanya kazi. Msimamizi mwenye uzoefu akisoma faili lisilo na kasoro hata moja, hushuku kwamba mwandishi hakurudi kutazama.

Ongeza zana chache za ofisini

Vikundi vidogo mara nyingi vina mafundi wazuri na kumbukumbu mbovu. Ukiweza kuziba pengo hilo, utapata kazi hata pasipo tangazo. Jifunze kutumia jedwali la kompyuta kwa ufasaha. Jifunze KoboToolbox, mfumo wa kukusanyia takwimu kwa simu hata pasipo mtandao, na QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Jizoeze pia kuchora ramani kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kupitia kazi zinazopangwa na HOT, kundi lake la misaada ya kibinadamu. Ni kujitolea kunakoonekana hadharani kwa jina lako.

Michoro na mafunzo ya bure yapo ya kutosha. CAWST huweka wazi vitabu vyake vya kujenga kichujio cha mchanga, kile kilichobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary. Appropedia, iliyoanza mwaka 2006, ni ensaiklopidia huru ya teknolojia mwafaka: soma humo, halafu ongeza ukurasa wa kazi yako mwenyewe. Kiungo cha ukurasa huo kwenye wasifu wako kitasema mengi.

Kuhusu vyeti, uwe mwangalifu na fedha zako. Kozi ya usanifu wa kilimo cha kudumu (permaculture), ile ya saa 72 inayojulikana dunia nzima, hukupa marafiki na mtazamo mpana kuliko inavyokupa ajira. Cheti cha fundi umeme au fundi bomba kinachotambuliwa na serikali ya nchi yako kitakulisha zaidi. Kwa anayetaka shahada ya uzamili, Kituo cha Teknolojia Mbadala cha Wales, kilichoanza mwaka 1973 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, hufundisha ngazi hiyo. Na kwa jamii ambazo watu wake hawakusoma, kuna njia ya Barefoot College ya Tilonia, India, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo imefundisha wanawake wengi, wakiwemo wasiojua kusoma, kuwa mafundi wa sola. Huko mtu hachaguliwi kwa wasifu. Jamii yake ndiyo inayomteua. Basi kama hiyo ndiyo nafasi unayoilenga, kazi yako inaanza kwenye mkutano wa kijiji.

Mahali pa kutafuta

Nafasi za mashirika ya kimataifa hutangazwa ReliefWeb, tovuti ya Umoja wa Mataifa iliyopo tangu mwaka 1996, pamoja na Idealist na Devex. Weka kichujio cha mada na nchi, soma mara mbili kwa wiki, na usiombe kila kitu. Maombi matatu yaliyoandikwa kwa makini yana nafasi kubwa kuliko thelathini yaliyonakiliwa.

Mpango wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, UNV, ulioundwa mwaka 1970, una mlango wa vijana wa miaka 18 hadi 26 na mwingine wa wataalamu kuanzia miaka 27 wenye uzoefu. Una pia kazi za kujitolea mtandaoni, zisizozidi saa 20 kwa wiki: kutafsiri, kuchora, kuandika, kuchambua takwimu. Kwa mtu asiyeweza kusafiri, huo ni mlango wa kweli. Kwa kilimo hai, WWOOF, iliyoanzia Uingereza mwaka 1971, huunganisha wanaojitolea na mashamba yanayowapa chakula na malazi. Soma masharti ya viza kwanza, maana nchi nyingine huhesabu kazi hiyo kuwa ajira.

Lakini nafasi nyingi za vikundi vidogo hazitangazwi kabisa. Hupitia kwa mtu anayejulikana. Kwa hiyo nenda kwenye warsha za wazi, siku za kupanda miti, maonyesho ya wakulima na mikutano ya kamati za maji. Nenda ukiwa na swali la kiufundi, usiende na bahasha ya wasifu.

Kuandikia kikundi ambacho hakijatangaza nafasi

Barua ya namna hii iwe fupi, na ianze na jambo linalowahusu wao. Sentensi ya "nina ari kubwa na mazingira" iache. Huu ni mfano:

"Ninaishi katika eneo ambako mradi wenu uliweka vichujio vya mchanga miaka mitatu iliyopita. Kwa idhini ya wenye nyumba nimetembelea vichujio 18. Kati yake 11 vinatumika kila siku, 4 vimesimama kwa sababu mrija wa kutolea maji umevunjika, na 3 vimeondolewa. Nimeambatisha orodha na picha. Mrija unaweza kutengenezwa hapa hapa. Naomba dakika 20 za kuzungumza nanyi kuhusu namna ninavyoweza kusaidia kazi ya ufuatiliaji, hata kwa mkataba mfupi."

Mkurugenzi akipata barua kama hiyo, ataisoma mara mbili. Umempa habari aliyokuwa akiihitaji, umemwonyesha tatizo bila kumlaumu, na umeomba jambo dogo linaloweza kukubalika. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole. Akinyamaza tena, peleka nguvu kwingine.

Kwenye wasifu, weka kazi zako za vitendo juu ya elimu, kila moja kwa mistari miwili yenye tarakimu. Wadhamini wawe watu walioona kazi yako: fundi aliyekufundisha, mwenyekiti wa kamati, mwenye nyumba uliyomfungia mfumo. Wajulishe mapema kwamba watapigiwa simu.

Katika usaili utaulizwa, kwa namna moja au nyingine, utafanya nini watu wakikataa teknolojia mliyowapelekea. Jibu la kwamba utawaelimisha ni jibu la haraka, na mara nyingi ni baya. Watu wana sababu. Jiko halitoshi sufuria yao, pampu iko mbali na njia wanayopita, choo kimejengwa upande wanaouona haufai. Sema kwamba utauliza, utatazama wanavyotumia kitu chenyewe siku nzima, kisha utapeleka marekebisho kwa wasanifu. Ukiwa na mfano wako mwenyewe, utoe hapo.

Kujitolea kuwe na mpaka

Kujitolea ni njia halali ya kuingia, na vikundi vingi vinaishi kwa moyo huo. Lakini naumia kuona vijana wenye ujuzi wakifanya kazi ya mtu mzima kwa mwaka mzima bila nauli wala barua. Kabla ya kuanza, omba karatasi inayotaja muda (nadhani miezi mitatu inatosha), majukumu, msimamizi, posho ya usafiri na chakula, na barua ya kuthibitisha kazi mwishoni. Uliza habari ya bima ikiwa utapanda juu ya paa, utaingia kisimani au utagusa umeme. Kikundi kinachokataa kununua kofia ngumu na glavu hakistahili mikono yako, hata kiwe na malengo mazuri namna gani. Muda ukiisha, kaa chini na msimamizi mzungumzie malipo au kuagana.

Matapeli nao wamejaa humu. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayekudai fedha za fomu, usaili au mafunzo kwa jina la Umoja huo ni mwizi. Hakiki anwani ya barua pepe, litafute tangazo hilo kwenye tovuti rasmi ya shirika, na usitume nakala ya pasipoti kabla ya usaili.

Nafasi isipopatikana, undeni yenu

Pale ambapo hakuna kikundi, watu wachache wanaweza kukianzisha. Andikisheni kikundi kwa sheria za nchi yenu, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na fanyeni kazi moja ndogo kwa fedha zenu wenyewe kabla ya kuomba za mfadhili. Baada ya hapo angalieni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF. Ilianza mwaka 1992, kwa miaka mingi imeendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na hutoa fedha moja kwa moja kwa vikundi vya jamii na asasi za kiraia katika nchi zinazoendelea. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, ingawa ruzuku nyingi huwa ndogo kuliko hapo. Kila nchi shiriki ina mratibu na kamati yake ya kitaifa. Mwoneni mratibu kabla ya kuandika andiko la mradi, kwa sababu vipaumbele vya nchi hubadilika, na atawaambia wazi kama wazo lenu limo au halimo.

Kwenye bajeti ya andiko, tengeni fungu la vipuri na la ziara za ufuatiliaji kwa miaka miwili baada ya ujenzi, na mtajeni kwa cheo mtu atakayelipwa kuzifanya. Wafadhili wengine watataka kulipunguza fungu hilo kwanza. Liteteeni kwa takwimu zenu wenyewe, na ikibidi punguzeni idadi ya vifaa vitakavyojengwa badala yake.